Kujitambulisha mahali ulipo hewani ukiwa safarini: Dar hadi Lindi, Mtwara na mpaka wa Msumbiji

Mtafuta_Masafa

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wazoefu wa redio ya ridhaa (amateur radio), hasa mnaoijua kanda ya kusini.

Kuna safari ya gari kutoka Dar kwenda Mtwara kupitia Kibiti, Nangurukuru na Lindi, kulala Lindi usiku mmoja, kisha Mikindani, Mtwara mjini na Msimbati. Garini kuna redio ya HF (mawimbi mafupi yafikayo mbali) ya wati 100, redio ya mkononi ya VHF (ya masafa ya karibu) ya wati 5, kompyuta mpakato ya FT8 na WSPR (njia za kidijitali za kurusha jumbe fupi), na simu ya Android. Leseni ni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), kolsaini (jina la kituo hewani) inaanza na 5H, na anwani iliyosajiliwa ni ya Dar.

Kinachonitatiza ni hiki: kila ninayezungumza naye anaangalia kolsaini kwenye intaneti na kuniona niko Dar. Nikiwa njiani nijitambulishe vipi ili ajue niko wapi hasa? Niongeze /M au /P? Nitaje mji, gridi (msimbo wa herufi na tarakimu unaoonyesha eneo kwenye ramani ya dunia) au latitudo na longitudo? Na gridi inapatikanaje pale ambapo netiweki hakuna?

---

Antena_ya_Waya

Karibu kusini, mkuu. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kolsaini inasema wewe ni nani na leseni yako ni ya nchi gani. Haisemi umesimama wapi. Kanuni za Redio za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), ibara ya 25, zinataka kituo cha ridhaa kitaje kolsaini yake mara kwa mara kinaporusha. Desturi nzuri ni kuitaja mwanzo, mwisho, na kila baada ya dakika 10 katikati. Hilo ni sharti. Mahali ulipo ni taarifa ya ziada unayompa msikilizaji, na namna ya kuitoa inategemea yeye anaitaka ya nini.

Viambishi navyo vina mipaka yake. /M ni kituo kinachotembea garini, /P ni kituo kilichotua kwa muda nje ya makao yake, /MM ni chombo kilicho baharini. Mtu wa Ufaransa akisikia kolsaini yako na /M anajua uko garini, basi. Gari liko Kariakoo au liko Mingoyo, hana habari. Kwa hiyo ukiongeza kiambishi bado unadaiwa mahali. Angalia pia masharti yaliyoandikwa kwenye leseni yako kuhusu kutumia kituo nje ya anwani iliyosajiliwa, maana karatasi hiyo ndiyo inayokufunga, siyo sisi wa humu.

Kwa sauti kwenye HF, mpangilio unaoeleweka haraka ni huu: kolsaini, nchi, mji au eneo, halafu gridi ya herufi sita. Usianze na "Mtwara" peke yake kwa mtu wa mbali. Mwambie kusini mashariki ya Tanzania, pwani, jirani na mpaka wa Msumbiji, kisha mtajie Mtwara herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, kisha Lima Hotel sifuri tisa Charlie Romeo (tarakimu zitaje kwa lugha mnayozungumza). Akikurudishia gridi kama ulivyoitaja, kazi imekwisha.

Gridi yenyewe unaikokotoa kwa kalamu, netiweki haihusiki. Tuchukue Mtwara mjini, latitudo 10.27 kusini, longitudo 40.18 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani −10.27.

Longitudo: 40.18 + 180 = 220.18. Gawanya kwa 20, unapata 11 na baki 0.18. Hesabu herufi ukianzia A kuwa 0, ya 11 ni L. Baki 0.18 gawanya kwa 2, unapata 0. Hiyo ni tarakimu ya kwanza, na baki bado ni 0.18. Zidisha kwa 12, unapata 2.16. Chukua 2, ambayo ni c.

Latitudo: −10.27 + 90 = 79.73. Gawanya kwa 10, unapata 7 na baki 9.73. Ya 7 ni H. Tarakimu ni 9, baki 0.73. Zidisha kwa 24, unapata 17.52. Chukua 17, ambayo ni r.

Panga longitudo kwanza, latitudo ya pili, kwa zamu: LH09cr. Mikindani, hapo jirani tu, ni LH09br.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuhesabu A kuwa 1, hapo L inageuka K na umejihamisha nyuzi 20 nzima kuelekea magharibi. La pili ni kusahau alama ya kutoa. Ukiweka 10.27 bila hiyo alama unapata LK00cg, na kwenye ramani ya dunia utaonekana uko Ethiopia.

---

Bahari_Kusini

Naongezea kwenye hesabu ya Antena_ya_Waya, kwa sababu njia hii ina jambo ambalo kwingine nchini halipo. Mstari wa longitudo nyuzi 40 mashariki ndio mpaka wa herufi K na L. Mstari wa latitudo nyuzi 10 kusini ndio mpaka wa H na I. Mistari hiyo inakutana baharini kwenye pwani yetu hii hii. Matokeo yake, kati ya Lindi na Mtwara unapita gridi tatu zenye majina yasiyofanana hata kidogo.

Ukiwa Dar uko KI93. Kila ukivuka nyuzi kamili kwenda kusini tarakimu ya mwisho inashuka: Kibiti ni KI92, na ukishavuka maeneo ya mto Rufiji unaingia KI91, ambako Kilwa Masoko ni KI91sb. Ukipita nyuzi 9 unaingia KI90, na hiyo ndiyo inayokufikisha Lindi.

Sasa Lindi. Mstari wa nyuzi 10 kusini unapita mjini kabisa. Upande wa kaskazini wa mstari uko KI90ua, na ukisogea mita mia chache kusini uko KH99ux. Kwa hiyo usikariri kwamba Lindi ni gridi fulani. Soma GPS mahali antena ilipo. Kama latitudo inaanza na 9, hata ikiwa 9.9990, andika KI90. Ikianza na 10, andika KH99. Nyumba ya wageni unayolala na mgahawa unaokula vinaweza kuwa gridi mbili tofauti.

Ukitoka Lindi, Mingoyo tayari ni KH99, na Masasi, Newala na Tandahimba zote ni KH99. Ukishika barabara ya Mtwara, unavuka nyuzi 40 na kuingia LH09 kabla ya kufika Mikindani. Kwa mstari ulionyooka, mpaka huo uko kama kilomita 13 magharibi ya Mikindani.

Tahadhari kwa wanaotumia ramani za karatasi. Zile za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Kwa eneo letu tofauti ni kama mita 200 kaskazini na kusini. Kwingine hizo mita hazina uzito, ila Lindi zinakuhamishia gridi nyingine. Kwenye mipangilio ya GPS hakikisha imeandikwa WGS84.

Kuhusu netiweki: GPS ya simu haihitaji bando wala laini. Ila bila intaneti huchukua dakika kadhaa kupata setilaiti mara ya kwanza, na chini ya paa la bati au mwembe mnene inaweza isipate kabisa. Toka nje, weka simu juu ya boneti, subiri hadi kipimo cha usahihi kishuke chini ya mita 10 ndipo usome.

---

Mtafuta_Masafa

Ahsanteni sana, hilo la Lindi sikulijua. Kwenye FT8 je? Niliona mtu ametumia /M na gridi yake haikutokea kabisa. Na kuna APRS (mfumo wa kutuma mahali ulipo kwa redio), inafaa huku?

---

Desimeli_Sifuri

Ulichokiona ni sahihi, na sababu yake iko kwenye ujumbe wenyewe. FT8 ina biti 77 tu kwa kila ujumbe. Ujumbe wa kawaida unabeba kolsaini mbili na gridi ya herufi nne, na una nafasi ya /P au /R (kituo kinachohamahama) tu. Ukiweka /M, /MM, au kiambishi cha nchi mbele ya kolsaini, programu inahamia aina nyingine ya ujumbe ambayo kolsaini inakula nafasi yote, na gridi haiendi. CQ yako (wito kwa yeyote anayesikia) itasikika, lakini hakuna atakayejua uko wapi.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya Tanzania na leseni yako ya 5H, tumia kolsaini tupu au yenye /P, na ubadilishe gridi kwenye mipangilio ya WSJT-X (programu ya FT8 na WSPR) kila unapovuka mpaka wa gridi. Sehemu yenyewe iko kwenye kichupo cha kwanza, kando ya kolsaini. Andika zote sita, LH09cr. Programu itarusha LH09 peke yake, ila zile sita zinasaidia kwenye ripoti na hesabu za umbali. Ukisahau kubadilisha, unaendelea kutangaza KI93 ukiwa umeshafika Mikindani, na wenzako wataiandika hivyo kwenye logi (kumbukumbu za mawasiliano) zao. Kuwasafishia baadaye ni kazi ngumu.

WSPR ina tabia yake. Kwa kolsaini tupu, ujumbe mmoja unabeba kolsaini, gridi ya herufi nne na nguvu. Ukiweka mkwaju (/) wowote, programu inagawa habari kwenye jumbe mbili: wa kwanza una kolsaini na nguvu bila gridi, wa pili una gridi ya herufi sita na kolsaini iliyofupishwa kuwa msimbo. Mpokeaji asiponasa zote mbili hajui uko wapi. Na kila urushaji huchukua karibu dakika mbili, kwa hiyo usijaribu gari likiwa kwenye mwendo karibu na mpaka wa gridi. Simama, rusha, ondoka.

Saa ya kompyuta nayo ni ya kuangalia. FT8 inataka saa iwe sahihi kwa sekunde moja hivi. Kompyuta iliyokaa siku mbili bila intaneti inaweza kuteleza kuliko hapo, na dalili yake ni kwamba unaona ishara nyingi kwenye skrini lakini hakuna inayosomeka. Dawa ni GPS ya USB pamoja na programu inayorekebisha saa kwa kuisoma.

APRS: masafa ya Kanda ya 1 (kanda yetu) ni 144.800 MHz. Kabla hujaitegemea fungua ramani ya APRS kwenye intaneti uone kama kuna kituo cha kupokea njiani. Pasipo na kituo ndani ya upeo, wati 5 zako zinaishia hewani. Njia mbili zinabaki. Moja ni APRSdroid kwenye simu, inayotuma mahali ulipo kupitia bando pale netiweki inaporudi. Kolsaini ya gari huwekewa -9 mwishoni, na ya simu -5. Nyingine ni kituo cha anga za juu cha ISS, ambacho hupokea na kurudisha pakiti kwenye 145.825 MHz, njia ikiandikwa ARISS. Kinapita kwa dakika 10 hivi kwa mara moja, na huwa wanakizima nyakati fulani, kwa hiyo sikiliza kwanza kama kinarudisha pakiti za wengine. Yagi (antena ya kuelekeza) ndogo ya mkononi inasaidia mno kuliko ile antena fupi ya mpira.

Ukiandika mahali kwa mkono kwenye kifaa cha APRS, umbo lake ni nyuzi na dakika, siyo desimali ya nyuzi. Mtwara ya 10.27 na 40.18 inaandikwa 1016.20S na 04010.80E, maana 0.27 × 60 = 16.20 na 0.18 × 60 = 10.80. Wengi huandika 1027.00S kwa kunakili tarakimu jinsi zilivyo. Hapo umejisukuma kilomita 20 kusini, upande wa Ruvuma, na tarakimu zinaonekana nzuri tu kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

---

Antena_ya_Waya

Hilo la umbo la tarakimu lina uzito zaidi siku ya dharura, ngoja niliseme wazi. Gridi ya herufi sita kwa latitudo yetu ni kisanduku cha kilomita 9 kwa 4.6. Kwa kadi ya QSL (ya kuthibitisha mawasiliano) inatosha. Kwa mtu anayekuja na gari la wagonjwa au boti ni pakubwa mno. Pwani hii ilipata tishio la kimbunga Kenneth mwezi Aprili 2019, na Hidaya ikaja Mei 2024, kwa hiyo haya si ya kufikirika.

Kwenye dharura taja latitudo na longitudo kwa desimali nne. Tarakimu ya nne ni kama mita 11 ardhini. Tamka hivi, polepole: "Latitudo, kusini. Moja, sifuri, nukta, mbili, saba, tatu, nne. Longitudo, mashariki. Nne, sifuri, nukta, moja, nane, mbili, tano. Desimali ya nyuzi." Tamka tarakimu mojamoja, usiseme "ishirini na saba". Yale maneno ya mwisho usiyaache, ndiyo yanayozuia msikilizaji asizichukulie kuwa dakika. Halafu taja alama ya ardhini: kijiji, daraja, shule, kilomita ngapi kutoka njia panda ipi. Msikilizaji arudie zote, nawe uthibitishe au usahihishe. Akikosea moja, arudie mstari mzima, siyo tarakimu ile peke yake.

Masafa ya dharura ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa) Kanda ya 1 kwenye HF ni 3.760, 7.110, 14.300, 18.160 na 21.360 MHz. Mchana kwa mtu wa Dar au Nairobi jaribu 7.110 kwanza, kwa Ulaya 14.300 au 21.360. Kwenye VHF, 145.500 FM ndiyo ya kuitana.

---

Mtafuta_Masafa

Nimenukuu zote. La mwisho: Msimbati ni karibu na mpaka, na kuna wazo la kuvuka kwa kivuko cha Kilambo au kutoka na boti kidogo. Hapo najitambulishaje? Na logi niipangeje?

---

Bahari_Kusini

Kuvuka kwanza. LH09 inaanzia nyuzi 10 hadi 11 kusini na nyuzi 40 hadi 42 mashariki. Mtwara imo, Msimbati imo, na Palma ya Msumbiji nayo imo. Maana yake gridi haimwambii mtu uko nchi gani. Nchi inasemwa na herufi za kwanza za kolsaini, 5H kwa Tanzania na C9 kwa Msumbiji. Leseni ya TCRA haikuruhusu kurusha ng'ambo ya Ruvuma. Bila kibali cha mamlaka ya Msumbiji, redio izimwe kabla hujapanda kivuko, ile ya mkononi pia. Ukiwa na kibali, tumia kolsaini jinsi ilivyoandikwa humo, ambayo kwa kawaida ni C9 na mkwaju kisha kolsaini yako. Kumbuka maelezo ya Desimeli_Sifuri: hapo FT8 haitabeba gridi, kwa hiyo itaje kwenye ujumbe huru, ambao una nafasi 13 tu.

Boti: ukiwa ndani ya ghuba ya Mtwara bado uko Tanzania. /MM inaonyesha chombo kiko majini, na kwa wanaokusanya nchi za DXCC (tuzo ya kuzungumza na nchi nyingi) mawasiliano ya /MM hayahesabiki kwa nchi yoyote. Waambie mapema ili wasisumbuke kusubiri kadi. Ruhusa ya nahodha ni lazima, na gridi uisome upya kila unapoitana, maana boti ikisogea kilomita tano kwenda kaskazini herufi ya mwisho imeshabadilika. Ukitua kwenye kisiwa, wewe ni /P wa kisiwa hicho, na wawindaji wa visiwa vya IOTA (tuzo ya kuzungumza na visiwa) watakuuliza jina lake. Litaje kamili pamoja na mkoa, wao namba wanazo.

---

Desimeli_Sifuri

Logi, ambako safari nzuri huharibika. Andika saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia) tu. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, na juu yake tuna saa zetu za Kiswahili. Saa mbili na nusu asubuhi ni 08:30 ya saa za nchi na 05:30 UTC. Usiku ndiyo mtego: kati ya saa sita na saa tisa usiku, tarehe ya UTC bado ni ya jana. Mawasiliano ya saa saba usiku kuamkia tarehe 12 yanaandikwa 22:00 ya tarehe 11.

Tena ukiwa Msimbati au Kilambo simu inaweza kunasa mnara wa Msumbiji, ambao uko saa mbili mbele ya UTC, na saa ya simu ikarudi nyuma saa nzima bila wewe kujua. Zima saa ya kujirekebisha yenyewe, chagua saa za Afrika Mashariki kwa mkono.

Kwa LoTW (huduma ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano), tengeneza eneo la kituo moja moja ndani ya TQSL (programu yake ya kusaini logi) kwa kila gridi: KI92, KI91, KI90, KH99, LH09. Zote zina nchi Tanzania, kanda ya CQ 37 na kanda ya ITU 53. Kwenye logi jaza MY_GRIDSQUARE (sehemu ya gridi yako) kwa kila mawasiliano, kisha uigawe kwa gridi kabla ya kusaini. Ukisaini zote kwa eneo la Dar, kila mliyezungumza naye ukiwa Lindi au Mtwara atathibitishiwa KI93.

Usiku wa Lindi fungua faili mbili kabisa, moja ya KI90 na nyingine ya KH99, hata kama unadhani utakaa upande mmoja.